Biksa ya bibi kwenye jibini

Jibini ya kwanza kununua nilipohamia Leicester, Uingereza, ni ile yenye jina la huku huku, Red Leicester. Rangi yake kama embe dodo lililoiva. Nikageuza pakiti kusoma viambato: maziwa, chumvi, kimeng'enya, na rangi ya annatto. Nikatafuta picha ya hiyo annatto kwenye simu. Biksa! Ile ile ya shamba la bibi yangu kule Kwale, ambayo Unguja wanaiita zingefuri.

Biksa naijua kwa vidole. Tumba lake lina miiba laini kama nywele. Likikauka unalipasua kwa gumba, unakuta mbegu ndogo zimevikwa utando mwekundu unaonata. Likizo tulizipura juu ya turubai, tukarudi na kucha nyekundu, na sabuni haikufua dafu. Bibi alitupaka mafuta ya nazi, ndipo rangi ikaachia. Kumbe rangi yenyewe, biksini, huyeyuka kwenye mafuta. Watengenezaji wa jibini huigeuza kwanza kwa alkali ili ichanganyike na maji, kisha huimimina kwenye maziwa kabla hayajagandishwa. Hapo nyingi yake inashikana na protini, na haitoki.

Lakini kwa nini wapake rangi? Ng'ombe akila majani mabichi, karotini, rangi ya manjano iliyomo kwenye majani, huingia kwenye mafuta ya maziwa. Kwenye kikombe huioni. Maji yakishakamuliwa na mafuta kubaki, umanjano unajitokeza, hasa kwa ng'ombe wa Jersey na Guernsey. Mbuzi huigeuza karotini kuwa vitamini A, ndiyo maana jibini yake ni nyeupe pe. Basi karne ya 17 baadhi ya wakulima wa Uingereza walikuwa wakiengua malai wauze siagi, jibini inabaki imepauka, wanaitia zafarani au maji ya karoti ionekane nono. Hilo limeniuma kidogo, kwamba rangi niipendayo ilianza kwa kuficha. Leo angalau imeandikwa kwenye pakiti.

Jioni nikapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula mkate na jibini. Imetiwa biksa, bibi!"

Akacheka sana, akaniuliza bei. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo.

"Na biksa yenyewe, kilo wanainunua ngapi huko?"