Sweta la kijani
Mwezi wa sita 1998, nipo darasa la sita, likizo tumepandishwa Kibosho kwa bibi, na anayeijua Kibosho mwezi wa sita ataelewa, wingu linashuka mpaka migombani, manyunyu kutwa nzima, jua unalisikia tu lipo Moshi mjini. Nguo yangu ya baridi ilikua moja, sweta la shule la kijani, lile la akriliki ambalo ukilivua usiku gizani linatoa cheche, na viwiko vimejaa vidonge vya nyuzi. Nilikua nalipenda sana, lilikua la kwanza kununuliwa dukani kwa ajili yangu.

Asubuhi moja nimechuchumaa kwenye mafiga nageuza ndizi, kuni ikapasuka, kaa dogo likarukia mkono wa sweta. Yaani sweta liliyeyuka palepale, ukawa ujiuji mweusi ukaganda kwenye ngozi, nikapiga yowe bibi akaja na ndoo nzima ya maji. Kovu lipo mpaka leo, kama punje ya hindi.

Jioni yake bibi akakata kijiuzi kwenye sweta langu, akanyofoa kingine kwenye sweta lake la kahawia la miaka na miaka, akavichoma kimoja kimoja. Changu kikajikunja kikawa kishanga cheusi kigumu. Chake kikanuka nywele zilizoungua, kikazima chenyewe, majivu akayasaga kwa vidole. "Hii ni sufu mama, nywele za kondoo. Hiyo yako ni plastiki, mfuko wa rambo." Ndo maana hadi sasa muuzaji akiniapia uzi wake ni sufu tupu nachoma kwanza mbele yake, ndo nitoe hela.

Jumamosi tukashuka Moshi mjini, soko la Memorial, kwenye mitumba. Bibi haangalii rangi wala saizi, anageuza masweta ndani nje anaangalia mshono wa ubavuni, likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki analiacha maana ukilifumua uzi unatoka vipande vipande. Akapata la sufu la kiume, rangi ya maziwa, kiwiko kimetoboka, na kwa lile tundu akaachiwa bei ya kutupa.

Tulilifumua siku mbili, mimi nimenyoosha mikono yeye anazungushia. Uzi ulikua umejikunja kama tambi, akaufua kwa maji ya uvuguvugu, akauning'iniza na jiwe chini ukanyooka, alafu akaanza kufuma kwa spoku za baiskeli alizozinoa mwenyewe. Mkono wa kushoto nilifuma mimi, ulizidi wa kulia karibu vidole viwili na bibi alikataa kabisa kuufumua.

Siku ya kwanza kulivaa nilienda kukata majani ya ng'ombe, nikanyeshewa njia nzima. Niliporudi sweta lilikua zito, limejaa vitone juu juu, bibi akapitisha kiganja ndani mgongoni kwangu, akakiacha hapo kidogo.

"Kukavu," akasema, akarudi kwenye moto wake.