Aliyeng'ata alikuwa yule mdogo

Juzi dada mmoja jirani yangu kaniambia anataka kufuga mbwa, wanae wamemsumbua sana, akasema "dada nitafutie kale kadogo keupe kenye manyoya mengi, jibwa kubwa naogopa litaning'atia watoto". Sikumjibu palepale. Mimi nimefuga wote wawili kwa pamoja miaka sita, mkubwa na mdogo, na aliyeng'ata mtoto kwangu alikuwa yule mdogo.

Bosi alikuwa mchanganyiko wa Boerboel, aina ya mbwa wakubwa wa ulinzi, na mbwa wetu wa kienyeji, kilo 50 na kitu, akisimama mlangoni mwanga haupiti. Fifi ni Spitz, mweupe, hata kilo 7 hafiki. Bosi alikuja ana miezi miwili na tangu siku ya kwanza nyumba nzima tulikuwa tunawaza huyu akikua itakuwaje, kwaiyo tukamfundisha mapema, asimrukie mtu, asiguse chakula mpaka aambiwe, mgeni akiingia akae chini atulie. Fifi hatukumfundisha chochote. Akimrukia mgeni tunacheka, akibweka tunambeba, akinguruma kwa sababu kuna mtu kasogelea mfupa wake watoto wanaita "mama njoo uone Fifi kakasirika" na simu zinatolewa anarekodiwa. Bosi angenguruma hivyo mara moja tu tungeshamtafutia mtu wa kumchukua.

Basi siku hiyo mtoto wa mdogo wangu, miaka minne, kamkuta Fifi amelala kwenye kochi akamkumbatia kwa nguvu vile watoto wanavyokumbatia, Fifi akanguruma, akanguruma tena, watu wazima tupo tunaongea zetu, wa tatu ikawa meno shavuni. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto analia na mimi nalia, tukakimbia hospitali akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa japo Fifi chanjo yake ilikuwa haijaisha. Shavu limepona, alama ipo. Na ninachokiona mpaka leo ni kwamba yule mbwa alisema mara mbili, sisi ndo tulishazoea kuona sauti yake ni mchezo.

Baada ya hapo nilisoma sana. Kuna utafiti wa Vienna wa mwaka 2010, waliulizwa watu zaidi ya 1,200 wenye mbwa, wakawagawa mbwa kwa uzito, chini ya kilo 20 na kuanzia hapo kwenda juu. Wadogo walionekana hawasikii kama wakubwa, wakali zaidi na waoga zaidi, ila wenye mbwa wadogo nao walikutwa hawana msimamo, leo ruksa kesho marufuku, na mazoezi na michezo wanayofanya na mbwa wao ni michache. Nilivyosoma hapo niliona nyumba yangu. Walikuta pia kwamba mbwa wanaoadhibiwa mara kwa mara wanakuwa wakali zaidi, na wadogo wanaongezeka woga juu yake, kwaiyo ukisema dawa ni fimbo unaharibu zaidi. Marekani nao mwaka 2008 watafiti walilinganisha aina mbalimbali za mbwa, na waliokuwa juu kwa ukali kwa watu walikuwa Dachshund, Chihuahua na Jack Russell, wote wadogo.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani ukubwa si kitu. Meno ya Bosi yangeingia kwenye lile shavu tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa, hilo nalijua na linanitisha. Na huku kwetu mbwa mkubwa tunamharibu kwa njia nyingine, anafungiwa bandani asubuhi mpaka jioni, getini kuna kibao cha mbwa mkali, usiku ndo anafunguliwa, anayemjua ni yule tu anayempelekea ugali na dagaa. Wenye nyumba wenyewe wanaogopa kutoka nje saa nne usiku. Halafu wanasema aina hii ni katili. Mbwa hajawahi kushikwa kichwa na mtoto wa nyumba hiyo hata siku moja, atajuaje kwamba ni wa kwake?

Bosi sikumfungia. Alikuwa na tabia ya kuja kuniegemea mguuni kwa uzito wake wote nikiwa naosha vyombo nje, hadai kitu, anaegemea tu. Wakati wa msiba wa baba nyumba imejaa watu alilala nyuma ya kiti changu siku zote tatu. Fifi upendo wake ni wa kunifuata, chumbani, jikoni, chooni, nikitoka analia mpaka nirudi, na zamani niliona ndo mapenzi makubwa, sasa naona na woga umo.

Kitu ambacho huwa hatuambiwi ni muda. Mbwa wakubwa wanazeeka haraka, Great Dane akifika miaka 10 kajitahidi, wakati Chihuahua 14 au 15 ni kawaida. Bosi aliondoka ana miaka 8, miguu ya nyuma ilikataa. Fifi sasa hivi ana hiyohiyo 8 na bado anapanda kochi kwa kuruka, na siku hizi akinguruma nyumba nzima inasimama, mtoto anatoa mkono.

Jumamosi nikaenda na yule dada kwa mzee mmoja ambaye mbwa wake wa kienyeji amezaa. Nikamwambia akae chini na wanae, wasimshike yeyote, wasubiri. Kakaja ka kahawia, kakanusa mkono wa yule binti mdogo, kakarudi nyuma, kakaja tena kakalala kwenye kanga yake. Dada akakaangalia miguu akasema "mbona minene hivi, si atakuwa mkubwa huyu?" Mzee akasema ndiyo, baba yake ni mkubwa. Dada akanyamaza kidogo, akamwambia binti yake asiinuke kwanza, mbwa kalala.