Kliniki na mama leo

Tumetoka kliniki ya afya ya akili sasa hivi. Huu ni mwezi wa 3 wa matibabu.

Mama ana sonona kali (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) yenye saikosisi, yaani kusikia au kuamini mambo yasiyo ya kweli. Alikuwa hali wala halali, sauti zikimwambia yeye ndiye aliyemuua baba.
Baba aliondoka kwa kisukari, jamani.
Tulidhani ni majonzi tu. Wiki ngapi tulipoteza!

Daktari alimwanzishia dawa 2 pamoja, ya sonona na ya saikosisi, maana moja peke yake mara nyingi haitoshi.

Leo kaulizwa: "Mama, sauti bado zipo?"
Akanyamaza.
"Zipo. Ila siziamini tena."

Njiani akaomba hindi la kuchoma. Kaliguguna lote, taratibu, punje kwa punje. Nilikuwa namtazama tu.

Nani kauguza mzazi hivi? Niambieni.