Nilivyotengeneza mashine ya kuvunja kokwa za chikichi

Kabla ya kukata chuma nilikaa siku mbili na akina mama wanaovunja kokwa za chikichi kwa mawe. Mmoja wao alikuwa akiitikisa kokwa karibu na sikio kabla ya kuigonga. Nilidhani ni mazoea tu, sikumuuliza.

Mashine yenyewe si ngumu. Ni ngoma ya chuma yenye ukuta mnene, na ndani yake bamba lenye mapezi linalozunguka. Kokwa zinaingia katikati, bamba linazirusha, zinagonga ukuta na kupasuka. Niliichomelea kwa vipande vya bomba kuukuu, nikaifunga moja kwa moja kwenye mota ya mizunguko 2,900 kwa dakika. Zikatoka chengachenga, ganda na kiini vimepondeka pamoja na kulowa mafuta. Iliniuma, maana karibu nusu ya uzito wa kiini ni mafuta, na yakishanyonywa na maganda huyapati tena.

Nguvu ya pigo hufuata mraba wa mwendo: ukipunguza mizunguko kwa nusu, pigo linabaki robo. Nikaweka puli ya milimita 75 kwenye mota na ya milimita 150 kwenye shafti, nikaziunganisha kwa mkanda. Kokwa zikaanza kupasuka vizuri, ila viini vingi vilikatika vikiwa bado vimeng'ang'ania ganda.

Nikamrudia yule mama na ndoo yangu. Akatikisa kokwa moja. "Sikiliza, mwanangu. Hii bado." Akanipa nyingine kutoka kwenye zile alizoanika, hiyo ililia kama kijiwe ndani ya kibuyu. Kokwa ikikauka, kiini husinyaa na kuachana na ganda. Ikiwa mbichi, ganda hupasuka nacho. Tangu siku hiyo haziingii mashineni kabla hazijalia, na viini vizima vimeongezeka kuliko nilivyopata kwa kubadilisha puli.

Nimeongeza pia chekeche ya kutenga kubwa na ndogo, na kokwa za dura hatuzichanganyi na za tenera, ambazo ni aina mbili za michikichi. Ganda la dura ni nene. Pigo linalolivunja huponda kiini cha tenera.

Kuchambua kwa mkono kulikuwa kunakula siku nzima. Maji matupu hayasaidii, kwani ganda na kiini vyote huzama. Tukakoroga udongo wa mfinyanzi kwenye pipa, tukiongeza kidogokidogo na kujaribu kwa kiini kimoja, mpaka kikaelea. Ukimimina humo viini na maganda vilivyochanganyika, viini vinabaki juu, maganda yanakwenda chini. Unaviopoa, unavisuuza na kuvianika papo hapo, la sivyo vinaota ukungu. Maganda yakikauka tunachochea moto wa kuchemshia chikichi.

Kinachonisumbua sasa ni vumbi la maganda linaloingia kwenye beringi. Nimekata kikinga cha mpira wa tairi, nitakifunga wiki hii.