Ninavyovuna majana bila nyuki kuhama

Huku Manyoni na Itigi, mkoani Singida, mzinga wa gogo ukifunguliwa, majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya sega, hutafunwa palepale pamoja na nta yake, mengine yakapondekea kwenye ndoo ya asali. Asali ya namna hiyo huchacha kwa sababu ya maji ya majana. Nyuki nao, wakishanyang'anywa watoto, huhama. Nyuki wetu hawangoji sababu kubwa. Ndiyo maana mimi nakula majana ya nyuki madume tu.

Majana ya madume hukaa pembezoni, hasa sehemu ya chini ya sega. Vyumba vyake ni vipana na vifuniko vimevimba kama ncha ya risasi. Majana ya vibarua, nyuki wa kazi, yako katikati, vifuniko bapa, na hayo siyagusi, maana ndio watakaoleta asali. Kipande cha madume cha sentimita 10 kwa 10, kikijaa pande zote mbili, kina vyumba karibu 600, mboga ya kutosha watu wawili. Kiangazi kikikolea usihangaike kutafuta: chakula kikipungua, nyuki huwafukuza madume.

Kabla ya kukata, fungua vyumba viwili vitatu kwa mwiba uone umri. Dume hukaa siku 3 akiwa yai, chumba huzibwa yapata siku ya 10, naye hutoka siku ya 24. Ninayoyataka ni yaliyozibwa karibuni, meupe na manene. Jana halitoi choo mpaka liwe limezibwa, kwa hiyo lililo wazi bado lina uchafu wote tumboni. Macho yakishaingia rangi ya zambarau, umechelewa. Ngozi imeanza kukomaa, liache sega lilivyo.

Navuna jua likishazama, tochi nimeifunga kitambaa chekundu kwa kuwa nyuki hawaoni wekundu. Moshi uwe mdogo, la sivyo utakula masizi.

Nyumbani, kwangua vifuniko kwa kisu chenye makali, pindua sega juu ya sinia, ligonge taratibu. Yanayokataa kutoka usiyachokonoe: yakipasuka, ute wake huwa mweusi upesi. Wala usitumbukize sega zima kwenye maji ya moto, kwani nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na ushee, ikayagandia majana yote. Chemsha maji ya chumvi peke yake, tia majana dakika 3 hadi 5 yakaze, chuja, kisha kaanga kwa moto mdogo bila mafuta. Ya kwake yanatosha. Moto mkali huunguza nje, ndani kukabaki uji. Wengine huunga kwa kitunguu na nyanya. Kwangu chumvi tu, na ugali wa uwele.

Majana ya kahawia, yanayonuka na kuvutika, yana ugonjwa, fukia. Mzinga ulio jirani na alizeti iliyopuliziwa dawa nauruka. Anayevimba mwili au kubanwa pumzi akiumwa na nyuki asionje kabisa. Na yapikwe usiku huohuo, hayafiki asubuhi.