Jinsi nilivyopanga huduma za seva ya duka ziinuke zenyewe baada ya umeme kurudi

Ninatunza kompyuta za wafanyabiashara kadhaa jijini Dar es Salaam, na mojawapo ni seva ndogo ya duka la jumla la vipuri vya magari lililoko Gerezani, Kariakoo. Seva hiyo inaendeshwa na Debian 12, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Kwa macho ya wenye duka kazi yake ni moja tu, kuendesha mauzo: kuonyesha bei, kupunguza idadi ya bidhaa stoo kila mauzo yanapofanyika, na kutoa hati ya mzigo kwa mtunza stoo. Kwa ndani, kazi hiyo moja imegawanyika katika huduma zinazotegemeana, yaani hifadhidata ya PostgreSQL, programu ya mauzo yenyewe, mtandao wa ndani unaounganisha kaunta na stoo, na diski ya nje ya kuhifadhi nakala. Umeme ukikatika na kurudi, vyote hivyo vinapaswa kuinuka bila mtu kugusa kitu, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Shida yenyewe haikuwa ya kila mara. Kuna asubuhi mfumo ulifunguka vizuri, na kuna asubuhi keshia alinipigia simu: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Seva imewaka taa zote, lakini mfumo haufunguki na wateja wameshajaa." Dawa iliyokuwa imezoeleka ilikuwa kuiwasha upya programu ya mauzo kwa amri moja, na dawa hiyo ilifaulu kila ilipotumika. Nilichukulia kufaulu huko kama dalili ya kwanza ya maana, kwa kuwa programu inayokataa kuanza mashine inapowaka, kisha ikakubali dakika chache baadaye bila kubadilishiwa chochote, haina kasoro ya mipangilio yake. Imeanza mapema mno kuliko kitu inachokitegemea.

Ili kueleza nilichofanya inanibidi nieleze kwanza jinsi mfumo endeshi unavyoziinua huduma. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikishapakiwa na kuitambua diski kuu, huanzisha mchakato mmoja wenye namba 1, na mchakato huo ndio unaoanzisha mingine yote. Zamani kazi hiyo ilifanywa na init ya mtindo wa System V, iliyosoma hati za amri (script) zilizopangwa kwa herufi na namba, kwa mfano S20 kabla ya S30, na kuziendesha moja baada ya nyingine. Mpangilio ulikuwa rahisi kuusoma kwa macho, ila ulikuwa wa polepole, na namba hazikusema ni kwa nini huduma hii imetangulia ile. Tangu Debian 8, iliyotoka mwaka 2015, nafasi hiyo imeshikwa na systemd, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Systemd haifuati foleni ya namba. Kila huduma ina faili lake linalotaja mahusiano yake na huduma nyingine, na systemd huyasoma mafaili yote, huchora mtandao wa utegemezi, kisha huanzisha kwa pamoja kila kitu ambacho hakuna kilichoamriwa kukitangulia. Neno "kwa pamoja" ndilo lenye uzito. Huduma mbili zisizotajwa uhusiano wowote wa kutangulia zitashindana, na mshindi atategemea kasi ya diski na hali ya mashine siku hiyo. Hiyo ndiyo sababu shida ya Gerezani ilikuja na kuondoka.

Nilianza kwa kusoma kumbukumbu za mfumo kwa amri ya journalctl -b -o short-monotonic, ambayo huonyesha matukio ya tangu mashine ilipowaka, kila moja na sekunde zake. Baada ya kuzima kwa kawaida, hifadhidata ilikuwa tayari mapema. Baada ya umeme kukatika ghafla hali ilikuwa nyingine, kwa sababu PostgreSQL iliyozimika bila kuagwa hulazimika kurudia kumbukumbu zake za miamala kabla ya kupokea mtu yeyote, na muda wa kufanya hivyo hutegemea kiasi cha kazi kilichokuwa kimeachwa. Katika muda huo mchakato wake upo hai na unaonekana, lakini kila anayebisha hodi anajibiwa kwamba hifadhidata bado inainuka. Programu ya mauzo ilibisha, ikajibiwa hivyo, ikafa.

Hapa kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyachanganya, na nayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha kazi yote. Katika faili la huduma, After= hupanga utangulizi tu: inasema kwamba iwapo huduma zote mbili zimeitwa, hii isubiri ile imalize kuanza. Haiiti ile nyingine. Kwa upande wake, Requires= na Wants= huita: zinasema kwamba hii ikiwashwa, na ile iwashwe. Hazipangi nani atangulie. Anayeandika Requires= peke yake, akiamini kwamba amepanga foleni, atakuta huduma zote mbili zimeondoka kwa wakati mmoja. Faili la programu yetu, lililoandikwa na aliyeiuza programu hiyo, lilikuwa na Requires= bila After=.

Kuongeza After=postgresql.service kulionekana kutosha, lakini niliposoma zaidi nilikuta kwamba katika Debian jina hilo ni mwavuli. Huduma ya postgresql.service haiendeshi hifadhidata yoyote. Huendesha amri isiyofanya kitu na kubaki katika hali ya active (exited). Hifadhidata halisi katika Debian 12 ni postgresql@15-main.service. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza hali ya postgresql, akaona rangi ya kijani, ilhali hifadhidata yenyewe imeshindwa kuanza. Nikaelekeza utegemezi kwenye jina halisi.

Swali lililofuata lilikuwa la uamuzi zaidi kuliko ufundi: nitumie Requires= au Wants=? Wazo la kwanza ni Requires=, kwa kuwa programu ya mauzo kweli haina maana bila hifadhidata. Mimi nilichagua Wants=. Sababu ni kwamba ukiunganisha Requires= na After=, na hifadhidata ikashindwa kuanza, systemd huifuta kazi ya kuanzisha programu kwa kosa la utegemezi, na maagizo ya Restart=, yanayotaka huduma iliyokufa ianzishwe tena, hayaigusi kazi iliyofutwa kwa namna hiyo. Hata hifadhidata ikija kupona baadaye, programu hubaki imelala hadi mtu aje. Kwa duka ambalo fundi wake yuko upande wa pili wa jiji, nataka huduma inayoendelea kujaribu, si huduma inayokata tamaa kwa usahihi.

Na kujaribu nako kuna kikomo chake. Kwa kawaida systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuanzisha tena huduma iliyokufa, na hukataa kuianzisha zaidi ikiwa imeshaanzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Programu inayokufa haraka humaliza nafasi zake zote hizo kabla hifadhidata haijamaliza hata kufungua mafaili yake. Ukiweka nafasi ya sekunde 5 kati ya jaribio na jaribio, kikomo hicho hakifikiwi kamwe.

Kilichobaki ni tofauti kati ya huduma kuwa imeanza na huduma kuwa tayari. Systemd hujua huduma imeanza kwa kufuata aina iliyotajwa katika Type=. Kwa Type=simple, huduma huhesabiwa kuwa imeanza mara tu mchakato wake unapozaliwa, hata kama haujafanya lolote; kwa Type=notify, huduma yenyewe hutuma taarifa kwamba sasa iko tayari. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaona hifadhidata iliyo hai lakini isiyopokea wageni, sikutaka kutegemea jibu la systemd peke yake. PostgreSQL huja na amri ndogo iitwayo pg_isready, ambayo huuliza swali lile lile ambalo programu ingeuliza, nami nikaifanya kuwa mlango wa kupitia. Kwa amri ya systemctl edit niliongeza maagizo haya juu ya faili la awali bila kuligusa, ili toleo jipya la programu lisiyafute:

[Unit]
Wants=postgresql@15-main.service network-online.target
After=postgresql@15-main.service network-online.target

[Service]
ExecStartPre=/bin/sh -c 'until pg_isready -q; do sleep 1; done'
TimeoutStartSec=5min
Restart=on-failure
RestartSec=5

Maagizo ya aina hii huongeza utegemezi, hayawezi kuuondoa uliokwisha kuandikwa, kwa hiyo ule mstari wa Requires= wa mwenye programu, uliokuwa ukitaja mwavuli, umebaki mahali pake. Mwavuli haushindwi kuanza, hivyo hauzuii kitu. TimeoutStartSec= nayo si pambo: muda wa kawaida wa kusubiri huduma ianze ni sekunde 90, na muda huo huhesabu pia yale yanayofanyika katika ExecStartPre=, yaani amri inayoendeshwa kabla ya programu yenyewe.

Mtandao ulinipa kazi ya ziada. Jina network.target linamfanya mtu adhani kwamba mtandao uko tayari, ilhali linamaanisha tu kwamba programu ya kusimamia mtandao imeanza. Anayetaka anwani ya seva iwe imeshapatikana anapaswa kutaja network-online.target, na aitaje katika Wants= na After= zote mbili, kama nilivyofanya hapo juu. Nilipofanya hivyo, mashine ikaanza kuchelewa dakika mbili kamili kila inapowaka. Amri ya systemd-analyze critical-chain, inayoonyesha mnyororo wa huduma zilizosubiriana na muda wa kila moja, ilielekeza kidole kwenye systemd-networkd-wait-online.service, ambayo kikomo chake cha kusubiri ni sekunde 120. Seva ina matundu mawili ya kebo, na moja halijawahi kuchomekwa kitu, lakini lilikuwa limetajwa katika mipangilio, hivyo mfumo ulikuwa ukilisubiri nalo. Niliandika RequiredForOnline=no katika faili la tundu hilo, na uchelewaji ukaisha.

Diski ya nje ya nakala ilikuwa hatari zaidi, ingawa dawa yake ni fupi. Mtunza stoo huichomoa jioni na kuifungia kwenye kabati, jambo ambalo ni la busara. Lakini diski iliyoandikwa katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, bila maelezo zaidi huhesabiwa kuwa ya lazima: mfumo huisubiri sekunde 90, ikikosekana hauvuki local-fs.target, yaani hatua ya kuwa na diski zote tayari, na mashine huishia katika hali ya dharura ikidai neno la siri la msimamizi. Kwenye seva isiyo na kioo mbele yake, hali hiyo haina tofauti na mashine iliyokufa. Niliongeza nofail, inayouambia mfumo uendelee hata diski ikikosekana, na x-systemd.device-timeout=10s, inayopunguza muda wa kuisubiri, kwenye mstari wake, na hati ya kuhifadhi nakala nikaipa RequiresMountsFor= ili isije ikaandika nakala kwenye folda tupu ya diski kuu wakati diski ya nje haipo.

Kuhusu saa, niliamua kinyume na nilivyotarajia. Betri ya ubao mkuu, inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme, ilikuwa imekwisha, na kila umeme ulipokatika kwa muda mrefu saa ya mashine ilirudi nyuma. Ipo time-sync.target, ambayo pamoja na systemd-time-wait-sync.service huzifanya huduma zisubiri hadi saa isahihishwe kutoka intaneti. Niliikataa. Duka linauza hata intaneti isipokuwepo, na sikuona haki ya kulifunga kwa sababu ya mtandao wa nje ambao mauzo ya ndani hayauhitaji. Nilinunua betri ya CR2032.

Majaribio yote niliyafanya kwanza kwenye mashine ya kufikirika (virtual machine) ndani ya kompyuta yangu, ambayo niliizima kwa kuikatia umeme katikati ya maandishi mengi ya hifadhidata, kwani kuwasha upya kwa utaratibu hakuonyeshi lolote kuhusu siku mbaya. Kisha nikahamishia mipangilio dukani baada ya saa za kazi, nikiwa nimemwomba ruhusa mwenye duka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Hayo ya kipi kinaanza na kipi kinafuata nakuachia wewe. Mimi nataka vijana wakifungua saa mbili, wakute mfumo uko wazi."

Nilihakikisha pia kwamba katika mipangilio ya ubao mkuu mashine imeamriwa kuwaka yenyewe umeme unaporudi, maana mpangilio wote huu hauna kazi ikiwa hakuna anayebonyeza kitufe.

Faida moja ilikuja bila kuandikiwa mstari wake. Mashine inapozimwa kwa utaratibu, systemd hugeuza mpangilio wa After= kinyumenyume: kilichoanza mwisho husimamishwa kwanza. Kwa kuwa programu ya mauzo sasa imeamriwa kuanza baada ya hifadhidata, husimamishwa kabla yake, ikapata nafasi ya kukamilisha muamala ulio mkononi wakati hifadhidata bado inasikiliza. Kazi ninayoiandaa sasa ni kuiunganisha UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, kwa kebo ya taarifa, ili betri yake ikikaribia kuisha seva izimwe kwa njia hiyo ya utaratibu badala ya kuzimika ghafla.