Siku moja maishani mwangu: chumvi, gadi na kebo ya Tanga

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Chumbageni na begi begani; ndani yake kuna mega, kifaa cha kupima insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja kutoka kwenye waya. Umande ni mwingi na upepo unatoka baharini. Kwa kazi ya leo, hilo ni la kuzingatia.

Saa 2:00. Kiwandani, karibu na pwani. Kebo ya volti 11,000 imeshahukumiwa kuwa mbovu, wanataka kuing'oa. Tunazima, tunapiga kufuli, tunahakikisha hakuna umeme, kisha tunafungua ncha zote mbili.

Saa 3:15. Napima fezi nyekundu, mojawapo ya nyaya tatu za kebo, kwa volti 5,000, dhidi ya ngao yake ya shaba iliyofungwa ardhini. Ncha sijazifuta kwa makusudi. Nataka kuona walichokiona wao. Dakika moja: megaomu 90 za ukinzani; namba ikiwa ndogo, umeme unavuja zaidi.

"Fundi, si imekufa kweli?" ananiuliza kijana wangu.

Bado, mwanangu. Mkondo unaovuja una njia mbili: ndani ya insulesheni, na juu yake, kwenye chumvi na unyevu. Mega inasoma jumla. Nachukua waya mtupu wa shaba, nauzungusha juu ya insulesheni nyeupe, kati ya kondakta na ngao, naubana ugande, kisha naufunga kwenye tundu la G la mega. Hiyo ndiyo gadi: mkondo wa juu unadakwa na kurudi bila kupita kwenye mita.

Saa 4:00. Megaomu 176 tu. Wengi huishia hapa na kusema gadi haisaidii. Lakini ncha ya pili nayo ina chumvi! Tunaizungushia waya vilevile, tunauunga na fezi ya bluu ya kebo hiyohiyo, na huku kwenye ncha ya kwanza fezi ya bluu inaingia G. Namweka mtu kule azuie watu, maana sasa bluu nayo ina volti 5,000.

Saa 5:10. Megaomu 4,000. Kebo ni nzima, si mbovu!

Saa 7:00. Wali na samaki, haraka.

Saa 8:00. Fezi nyingine mbili, kila moja dakika 10, na baada ya kila kipimo tunaiacha imefungwa ardhini dakika 40. Kebo ndefu hubaki na chaji, na chaji hiyo huua. Hapo siharakishwi na mtu yeyote.

Saa 11:15 jioni. Naandika namba zote, ya bila gadi na ya gadi, pamoja na joto na hali ya hewa. Gadi imeniambia kebo ni nzima, haijaondoa chumvi. Kwa hiyo kesho ncha zinasafishwa, zinakaushwa na kupimwa upya kabla umeme haujarudishwa.